Jina la Salma Kwenye Fomu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka natamani kujizaba kofi. Ni siku niliyosimama mbele ya hakimu kule Dallas.

Nilikuwa dereva wa lori, nikiishi Alief, hapa Houston. Mimi na Mama Salma tulikuwa tumeachana, naye akahamia Dallas na Salma, binti yetu wa miaka minane. Mahakama iliniamuru nitoe matunzo ya mtoto kila mwezi, na nilitoa bila kelele. Kisha nikaanguka kutoka kwenye trela nikipakua mzigo. Mgongo ukaharibika, kazi ikaisha. Baada ya kuzungushwa karibu mwaka mzima, nikakubaliwa malipo ya ulemavu, yale anayopata mtu kwa sababu alifanya kazi na kukatwa kodi.

Kwenye fomu ya kuombea malipo hayo palikuwa na mahali pa kuandika watoto. Nikapaacha wazi. Wenzangu wa chai ya Ijumaa, baada ya swala, walikuwa wamenihakikishia kwamba ukimwandika mtoto, serikali inaligawa fungu lako nusu kwa nusu, na nusu hiyo anakwenda kuila mtalaka wako. Madereva watupu! Hakuna hata mmoja aliyewahi kuisoma fomu hiyo, nami nikawasikiliza kana kwamba ni mawakili. Ukweli ni kwamba mtoto hupewa fungu lake mwenyewe, na la mzazi halipungui hata senti. Lakini nisiwasingizie watu. Moyoni niliona raha kumkomoa mama yake.

Nikaongeza ujinga wa pili. Badala ya kurudi mahakamani kueleza kwamba siwezi tena kufanya kazi, nikaita wazee wa pande zote mbili. Tukanywa kahawa, tukakubaliana nitume kidogo ninachoweza mpaka nipone, ikasomwa Fatiha, tukatawanyika. Mama Salma alikubali kwa heshima ya wazee. Kwetu Mombasa, jambo likisomewa Fatiha limekwisha. Hakimu wa Texas hakuwa na habari na Fatiha yetu, na amri yake iliendelea kuhesabu kila mwezi kwa kiwango kile kile cha zamani.

Miaka miwili baadaye ikaja barua: nina deni, na leseni yangu ya kuendesha gari itasimamishwa. Huku bila gari hata mkate hununui. Nikapeleka mahakamani ombi la kupunguziwa, nikapangiwa siku.

Hakimu aliuliza mambo mawili tu: kwa nini sikuomba amri ibadilishwe mapema, na kama mtoto analipwa chochote kupitia ulemavu wangu. La kwanza nikamtajia wazee na Fatiha. La pili nikasema hapana. Kumbe kama Salma angekuwa analipwa, pesa hizo zingehesabiwa kuwa matunzo niliyotoa mimi, na huenda zingetosha kulipa karibu deni lote. Hakimu akapunguza kiwango kuanzia tarehe ya ombi langu. Ya nyuma, alisema, hana uwezo wa kuyafuta.

Nje nikamkuta Bi Rehema, shangazi yake Mama Salma aliyekuja kusikiliza kesi, mama mtu mzima aliyezeeka akihudumia wagonjwa.

"Baba Salma," akasema, "uliumia mgongo au uliumia kichwa?"

"Mgongo, shangazi."

"Basi nieleze. Mama yake anapiga shifti mbili. Mtoto akitoka shule anajifungulia mlango, anakula peke yake, analala peke yake. Na haki yake ilikuwepo, jasho lako wewe mwenyewe. Ukamficha mtoto ili nani afurahi?"

Wiki ile ile nikamwandikisha Salma. Ofisi ya malipo ilimlipa ya nyuma kwa miezi kadhaa tu, iliyobaki ikapotea.

Salma sasa ni mtu mzima, anakaa Katy, jirani na Houston, na ndiye anayenipeleka kwa daktari. Hakuwahi kuniuliza. Siku moja garini nikamweleza mwenyewe yote. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba si kitu, alijifunza kupika mapema. Hakuna tusi lililowahi kuniuma kama upole ule.

Nawe juzi ulikuja na fomu yako ya ulemavu, umepaacha wazi pale pale, eti umeambiwa na rafiki. Umenichosha! Mwandike mtoto, hata kama huongei na mama yake. Kama malipo yako si haya ya waliokatwa kodi bali ni yale ya wasio na kitu, mtoto hana fungu humo, na mahakama hapa haiyahesabu kuwa kipato chako. Lakini siku kazi inapokatika, nenda mahakamani siku hiyo hiyo ukaseme. Wazee tuite kwa suluhu na dua. Amri ya hakimu anaibadilisha hakimu.

Mola akuponye, mwanangu, na mwanao asijifunze chochote mapema kwa sababu yako.