Kahawa ya Mngereza

Kiingereza nilikisoma Unguja, skuli ya wasichana, kwa mwalimu aliyekuwa akiingia darasani na kikapu. Akitoa yai, tunasema yai. Akitoa kisu, tunasema kisu. Nikakua nikidhani lugha ile ni ya vitu vinavyokaa juu ya meza. Tulipofika Maskati baada ya mapinduzi, na masanduku mawili na baba aliyekuwa hasemi, ndipo nilipokutana na Kiingereza cha pili, ambacho hakikuwa na kitu hata kimoja cha kuweka mezani.

Baba alizaliwa Nairobi, wakati huo koloni la Waingereza, babu alikokuwa na duka, na kwa ajili hiyo alikuwa na pasipoti ya Kiingereza. Kaka yangu alikuwa keshatangulia London. Maskati ya siku zile haikuwa na skuli ya serikali kwa msichana kama mimi, na nia ya baba ilikuwa moja tu: tuhamie kule, nisome.

Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, basi akanichukua niwe mkalimani wake. Ofisi ya Mngereza, tulikokwenda kuomba kibali cha kuhamia sote, ilikuwa ufukweni, kuta nene, ndani baridi kama kisima. Yule bwana alikuwa kijana, na Kiarabu chake kilikuwa kizuri kuliko changu, ila mambo ya kazi alipenda kuyasema kwa lugha yake. Kahawa ikaletwa. Baba akapokea finjani, akaiweka chini mbele ya miguu yake, asinywe.

Huku Uarabuni kila mtu anajua maana yake. Mgeni mwenye haja haonji kahawa mpaka mwenyeji aikubali haja yake. Akiambiwa kunywa, akanywa, neno limefungwa. Watu wameoza binti zao kwa finjani, na wengine wamesamehe damu.

Mngereza aliitazama ile finjani, akamtazama baba, akatabasamu. "Kunywa, mzee wangu," alisema kwa Kiarabu. Kisha akanigeukia na kuniambia kwa Kiingereza kwamba ombi letu litaangaliwa kwa huruma, na kwamba serikali yake inautambua wajibu wake maalumu kwa watu wa namna yetu.

Kabla sijamaliza kufasiri, baba alikuwa keshakunywa.

Nyumbani mama alitungoja mlangoni.

"Kasema ndiyo?"

"Kasema kunywa," baba akajibu.

"Labda kakuona una kiu, bwana. Umetembea juani."

Baba hakucheka. "Yule kakaa na Waarabu miaka. Finjani anaijua."

Tukangoja. Kila alasiri baba akifungua redio ya London, nami nikikaa karibu, sikio kwenye kitambaa cha spika. Mawaziri wao walisema kwa sauti nzuri, sauti ya watu walioshiba na kulala. Maneno yalikuja yamefunikwa, kama sahani za futari zinazopelekwa kwa jirani, na kila nilipofunua nilikuta sahani tupu.

"Wamesema nini leo?" baba akiuliza.

"Wanalizingatia suala letu."

"Na juzi?"

"Walikuwa wanalizingatia."

"Sasa leo pana jipya gani?"

"Leo wanalizingatia kwa makini."

Mama akiguna kule jikoni. Yeye alikuwa na shauri jengine. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa Kuwait, na kila msafiri aliyetoka huko alikuja na salamu zile zile: mleteni mtoto, skuli zipo, vitabu bure. Mama akitaka niende. Baba akikataa, wala si kwa ukali.

"Nimpeleke Kuwait, halafu kibali kitoke? Nimwambie nini yule bwana? Kwamba aliyevunja neno ni mimi?"

"Basi na mwanao anakua."

"Nnajua anakua. Nnamuona."

Mama alishona nguo zangu upya, akazirefusha, akazirefusha tena. Nilisoma magazeti ya zamani yaliyofungiwa bizari sokoni, vipande vya habari visivyo na mwisho, na mwisho nikaubuni mwenyewe. Huenda uandishi wangu ulianzia hapo. Sijui kama nishukuru.

Kisha alikuja waziri wao Ghuba, akawaahidi watawala kwamba Waingereza hawaondoki. Haukupita muda, redio ikasema wanaondoka. Baba alisema hayo ni mambo ya wakubwa, yetu ni ya finjani. Baada ya hapo ikaja sheria. Mwenye pasipoti yao, ikiwa si yeye, si baba yake wala babu yake aliyezaliwa kwao, asiingie ila kwa foleni. Waziri alieleza kuwa hilo halihusiani na rangi ya mtu, ni utaratibu tu. Nilifasiri neno kwa neno. Baba akaizima redio taratibu, kama anayemfunika mtu aliyelala.

Kesho yake tukarudi ofisini. Yule kijana keshahamishwa, pamekaa mwengine, mpole vile vile. Kahawa ikaletwa, baba akaiweka chini. Huyu wa pili alisema ahadi haikupata kutolewa. Ombi lilitakiwa kuangaliwa kwa huruma, na kwa huruma limeangaliwa.

"Muulize," baba akaniambia, "yule mwenzake alijua maana ya finjani, au hakujua?"

Nikauliza. Mngereza alifikiri kidogo, akasema msimamo wa serikali yake haujabadilika.

Sikuona la kufasiri. Baba alinitazama usoni, akaelewa, akanyanyuka. Kahawa ikabaki palepale. Njiani alipita mbele yangu, na tulipofika kivuli cha lango la mji akasimama, akafuta jasho.

"Mpelekee salamu ami yako," akasema. "Mwambie unakuja."

Kuwait walinitia darasa la wasichana ambao wote niliwapita kimo. Magoti yangu hayakuenea chini ya dawati. Mwalimu, mwanamke wa Kimisri mwenye macho ya usingizi, akaniuliza nilikuwa wapi miaka yote hii.

"Maskati," nikasema.

"Ukifanya nini?"

Nikamwambia nilikuwa nangoja jibu. Akaitikia kwa kichwa, kama aliyekwishawaona wengi wa namna yangu, akanionyesha benchi la nyuma.