Muujiza wa Maiki Iliyozimwa

Kanisani wanasema mke wa fundi mitambo amepona. Mke wa fundi mitambo hajapona. Amelala chali, mkono wa kulia umekufa, mguu wa kulia umekufa, na huu ni mwaka wa nne hajatamka neno hata moja.

Ni Jumapili, saa tatu asubuhi. Fundi anakunja mikono ya shati, anaweka goti moja kitandani, anapitisha mkono mmoja chini ya bega la mkewe na mwingine chini ya nyonga. Anahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Anahesabu kama mtu anayemwambia mwenzake anyanyue upande wa pili. Upande wa pili hakuna mtu.

“Zamani tulikuwa wawili wa kumgeuza, siku nyingine watatu,” anamwambia mwandishi aliyemtembelea. “Watu wameondoka, mazoea ya kuhesabu yamebaki.”

Mtaa wa pili kutoka hapo, ibada imeanza. Spika za kanisa zinapiga mluzi mkali, kisha zinanyamaza, kisha zinapiga tena. Fundi anakunja uso kama mtu aliyekanyaga msumari.

“Umesikia hiyo? Wameisogeza maiki ya kwaya karibu na spika. Nimewakataza miaka ishirini na miwili.”

Anakwenda kufunga dirisha. Anasimama, anamtazama mkewe, halafu analiacha wazi. “Yeye anapenda kusikiliza,” anasema.

Ana miaka hamsini na sita. Siku za kazi anatengeneza redio, feni na pasi katika kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa chumba chake. Jumapili alikuwa nyuma kabisa ya kanisa, kwenye meza ya mitambo, akipandisha sauti ya huyu na kushusha ya yule. Kanisa lilimpa posho ndogo iliyotosha nusu ya kodi ya chumba. Hakuwahi kusimama mbele ya watu. Kazi yake, anasema, ikifanyika vizuri hakuna anayeikumbuka.

Mkewe aliuza nguo za mitumba sokoni na alikuwa na mdomo. Majirani walimwita Redio. Vijana wa sokoni walimtania fundi kwamba redio za kibandani hazikumtosha, akaoa redio nyingine ya kwenda nayo nyumbani, tena isiyo na kitufe cha kuzimia.

“Walikuwa hawakosei,” anasema fundi. “Nikichelewa dakika tano, nilisomewa mashitaka tangu mlangoni. Sasa naingia, nasimama pale mlangoni. Nasubiri. Mjinga mimi.”

Kiharusi kilimpata akiwa anafua. Hospitali walikaa naye majuma matatu, wakamrudisha. Binti yao mmoja ameolewa mbali, ana watoto wadogo, hutuma chochote anachopata. Waliobeba mzigo hasa ni akina mama wa kanisa. Walijipanga wanane, wawili wawili. Kila Jumanne na Ijumaa walikuja kumwogesha mgonjwa, kufua mashuka na kumlisha uji, ili fundi afungue kibanda. Kila mwisho wa mwezi walichanga nepi za watu wazima, kwani bei yake inakula karibu theluthi ya anachopata kibandani.

“Wale wanawake walinishika mkono,” anasema. “Sitaki uandike vinginevyo.”

Mwaka jana kanisa lilikuwa na mkutano wa siku tatu uwanjani, na mhubiri mgeni. Mchungaji alimfuata fundi akiwa anavuta nyaya.

“Fundi, kesho mlete mama aombewe.”

“Ameombewa mara nyingi, mchungaji.”

“Na kesho ataombewa tena. Au umechoka?”

Fundi alikubali. Si mtu wa kukataa maombi, anasema, hata leo hakatai. Vijana wanne walimbeba mkewe juu ya kiti cha plastiki mpaka jukwaani. Fundi alibaki kwenye mitambo, mwisho wa uwanja, umati mzima ukiwa katikati yao.

Mhubiri aliomba kwa muda mrefu, jasho likimtiririka. Kisha akamwekea mgonjwa maiki mdomoni.

“Mama, sema asante! Mwambie Mungu asante!”

Mkewe alijitahidi. Hata kwa mbali fundi aliona kichwa kinavyojivuta mbele. Kilichotoka katika spika zote sita za uwanja hakikuwa neno, kilikuwa mlio wa koo, mnene, kama wa mtu anayekabwa. Watoto waliokaa mbele wakacheka, na kicheko chao kikaingia kwenye maiki.

“Nilipowasikia wanacheka, kidole kilikwenda chenyewe,” anasema. “Nikaizima ile maiki. Sikufikiria muujiza wala nini. Nilitaka kumsitiri mke wangu.”

Uwanja ukaona mdomo wa mama unacheza, sauti haisikiki. Mhubiri akainama, akatega sikio. Akanyanyuka amerusha mikono juu.

“Amesema! Mitambo imekata lakini mimi nimemsikia! Amesema asante!”

Vigelegele vikapasuka. Watu walilia, wakakumbatiana, wakarusha leso. Mchungaji alipiga magoti. Fundi alikuwa amesimama na kidole juu ya kitufe, na hakukuwa na mtu wa karibu wa kumwambia lolote.

“Yule mhubiri simlaumu,” anasema. “Palikuwa na kelele, naye alitamani mno kusikia. Mimi je? Hata mimi kwa sekunde moja nilijiuliza, labda amesema kweli.”

Jioni ile alimrudisha mkewe kitandani na kumtazama. Macho ya mama yalikuwa makavu na makali. Fundi anaamini alijua. Mwanamke aliyeishi na fundi mitambo miaka yote hiyo, anasema, anajua sauti inapotoka kwenye spika na inapozimwa.

Jumanne iliyofuata hakuja mtu. Ijumaa hakuja mtu. Fundi alikwenda kwa kiongozi wa akina mama, akamkuta anachambua mchele.

“Mama, mmepata dharura?”

“Dharura ya nini, baba? Si mama yetu amepona?”

“Hajapona. Hata kijiko hashiki.”

“Hayo ni ya macho, baba. Sisi tumeshapokea. Tukija tena na mabeseni, si tutakuwa tunaukana mkono wa Mungu? Wewe kiri tu kwamba amepona. Ukiendelea kumwogesha kama mgonjwa, atabaki mgonjwa.”

“Kwa hiyo nisimwogeshe?”

Yule mama aliinamia ungo. Aliendelea na mchele wake. Fundi anasema hakuwa na roho mbaya. Alikuwa anaogopa.

Majuma saba alinyamaza. Alifunga kibanda siku nzima mara mbili kwa juma, akafua, akageuza, akahesabu moja mbili tatu. Kila Jumapili alikwenda kwenye mitambo, na kila Jumapili mtu alishukuru kwa ajili ya mke wake aliyepona. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapandishia sauti.

“Watu hawaelewi jambo moja,” anasema. “Imani sikuikosa. Hakuna siku niliyosema Mungu hayupo. Lakini nilikuwa kama mtoto ambaye anajua baba yake yuko, tena ni tajiri, ila hategemei hata salamu kutoka kwake. Unajua yuko, lakini wala humsubiri. Hicho ndicho kilichokuwa kimekufa kwangu. Tumaini. Na wenzangu wao walikuwa wamevichanganya. Kwao kutumaini ilikuwa ni kusema kitu kimetokea kabla hakijatokea. Basi mimi nakaa na mgonjwa, wao wanakaa na muujiza, hatuwezi hata kukutana mlangoni.”

Kilichomfungua mdomo ni feni. Mama mmoja wa kanisa lilelile aliileta kibandani kutengenezwa. Ana binti wa miaka kumi na miwili mwenye kifafa. Fundi alimuuliza hali ya mtoto.

“Mzima, kwa jina la Bwana. Nimemwachisha dawa.”

“Umemwachisha? Daktari amesema?”

“Daktari wa nini? Kama mkeo bubu wa miaka mitatu amesema mbele ya uwanja mzima, mwanangu atashindwa na nini?”

Fundi aliweka bisibisi chini. Alimweleza yote palepale: maiki, kidole, kicheko cha watoto. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaikokota feni yake kutoka mezani na waya ukining’inia.

“Wewe ndiye unayemzuia mkeo,” alimwambia. “Sasa unamtaka na mwanangu.”

Jioni hiyo fundi alikwenda kwa mchungaji. Alimkuta ofisini na mafundi wa paa, akangoja watoke.

“Fundi, ukilisema hilo utaua imani ya watu,” alisema mchungaji.

“Mchungaji, imani yao iko kwa Mungu au kwenye kitufe changu?”

“Usinijibu hivyo. Watu wameshika tumaini. Unataka kuwanyang’anya?”

“Kuna mtoto hanywi dawa.”

Mchungaji alifuta uso kwa viganja. Alisema atazungumza na huyo mama taratibu. Akaomba wapewe muda, wamwombee mgonjwa tena kwa siri, pengine Mungu atakamilisha kabla jambo halijafika mbali.

“Nilimhurumia,” anasema fundi. “Alikuwa ananiomba nimfichie Mungu aibu. Nikamwambia, mchungaji, Mungu hajaniomba hivyo.”

Siku mbili baadaye yule binti mwenye kifafa alianguka shuleni, akajigonga kwenye ukingo wa ngazi, akashonwa nyuzi kwenye paji la uso. Fundi hakungoja tena. Jumapili, wakati wa shuhuda, aliacha meza ya mitambo, akatembea njia yote ya katikati. Watu walidhani anakwenda kurekebisha waya.

Akashika maiki. Alisema mke wake hakusema neno. Alisema ni yeye aliyezima sauti, kwa kumwonea haya. Alisema yeye bado anamwamini Mungu, na mwenye mgonjwa ampe mgonjwa wake dawa. Akaomba radhi. Hakuongeza kitu.

Halafu mtu wa nyuma akapaza sauti, “Toka, shetani!” Mwingine akamjibu, “Mwache mzee wa watu!” Kwaya ikaanza wimbo kufunika zogo, na kwa kuwa mezani hapakuwa na mtu, spika zikapiga mluzi mpaka watoto wakaziba masikio. Fundi aliweka ufunguo wa kabati la mitambo juu ya madhabahu, akatoka.

Huu ni mwezi wa tano sasa. Jirani yake, fundi cherehani ambaye anasali kwingine, ndiye pekee anayeingia chumbani mara kwa mara. Anamwita mgonjwa dada.

“Shemeji, leo umemsuka vibaya,” anamwambia fundi Jumapili hii, akichungulia mlangoni. “Mwanamke mzima umemfanya kama jogoo aliyenyeshewa.”

“Mimi ni fundi redio, si msusi.”

“Hata redio zako hazitoki hivi. Sogea huko.”

Kitandani, upande wa kushoto wa mdomo wa mgonjwa unavutika kidogo. Fundi anauona. Amejifunza kutoliita jambo kwa jina lisilo lake.

Mkono wa kushoto wa mkewe nao umedhoofika, una vidole viwili tu vinavyojongea. Miezi miwili iliyopita fundi aliufungia kitufe cha kengele ya mlango alichoachiwa na mteja, akapitisha waya ukutani hadi kibandani, ili mama aweze kumwita. Siku ya kwanza kengele ililia mara nane. Mara zote nane fundi alikimbia, na mara zote nane hapakuwa na haja yoyote.

“Mara ya nane nikamkuta ananitazama vile alivyokuwa ananitazama nikichelewa,” anasema, na anacheka mpaka anafuta macho. “Nikasema, haya, ndiye yeye. Yumo ndani humo. Tangu siku hiyo nimeanza kutumaini tena. Si kwamba atainuka kesho. Akiinuka, nitafurahi kuliko wote. Lakini natumaini kwamba Mungu hajampoteza, na siku moja, huku au ng’ambo ya kaburi, nitayasikia yote aliyoyaweka moyoni miaka hii. Nitasomewa mashitaka mpaka nikome.”

Amenunua kiti cha magurudumu kilichokwishatumika, gurudumu moja limepinda, na fundi baiskeli ameahidi kulinyoosha. Kikiwa tayari, anakusudia kumvalisha mkewe gauni, kumsukuma mpaka kanisa lile lile, na kukaa naye mstari wa mwisho. Anaulizwa kama hawatamfukuza.

“Labda. Lakini sina kanisa jingine, wale ndio watu wangu. Nataka wamwone alivyo, wasali naye alivyo. Hiyo ndiyo imani ninayoijua mimi.”

Jambo hili limemgharimu kazi ya miaka ishirini na miwili, na posho iliyokuwa nusu ya kodi. Limemgharimu siku mbili za kibanda kila juma. Akina mama wanane, wote. Mpiga kinanda aliyekuwa anakula naye kila Jumapili baada ya ibada, ambaye sasa akimwona anavuka barabara. Na salamu ya mama mmoja anayepita mbele ya kibanda kila asubuhi akiangalia upande mwingine, amemshika mkono binti mwenye kovu kwenye paji la uso, ambaye amerudi kunywa dawa na hajaanguka tena.