Siku Mama Alipomwinua Berocan Bandarini

Lori la samaki likipita hapa Shari, mtaa wetu wa Bunia, harufu yake hutangulia: ya makayabo, wale samaki wa chumvi, iliyochanganyika na mazutu, yaani dizeli. Majirani hufunga madirisha. Mimi huacha sahani ninayoosha, nikawa tena na miaka saba, nimekaa kwenye mtumbwi wa mjomba tukiikaribia bandari ya ziwa.

Tulikuwa tumekwenda ufukweni, upande wa Mahagi, kumwonyesha koko, bibi yetu, mjukuu wake Berocan, mdogo wangu wa miezi mitano. Siku ya kurudi akashikwa na homa kali. Barabara ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vita, basi mjomba, kaka yake mama, akasema atatupeleka kwa tanga hadi bandarini, tupate gari la kupanda Bunia, hospitalini. Baba alikuwa mwalimu. Hakutaka maji yaguse viatu vyake vya misa, akavifunga kwa kamba na kuvitundika shingoni. Mama alimcheka kidogo, na nadhani ndiyo mara ya mwisho alipocheka siku ile.

Upepo ulikuwa wa baridi. Mama alijifunika bashi, turubai letu la buluu, yeye na mtoto, na hatimaye Berocan akalala. Tulipoanza kuziona boti za askari wa majini, mjomba alishusha tanga.

"Shemeji, tosha ile bashi," alimwambia baba, akiashiria iondolewe. "Hapa kama iko kitu imefunikwa, wanawaza ni watu ya bunduki."

"Acha mutoto alale kidogo. Tutaitosha kule mbele."

Kwetu mtu habishani na shemeji yake mara mbili, hasa shemeji aliyemaliza kulipa ng'ombe wote wa mahari. Mjomba akashika kasia, akaendelea kupiga.

Bandari ilijaa mitumbwi na magunia ya chumvi, lakini jamani, hapakuwa na sauti. Mahali ambapo wamama hutukanana kwa furaha tangu asubuhi, niliwaona wameinama nyuma ya meza zao za samaki. Boti mbili za kijivu ziligeuka zikatuelekea. Mtu akapiga kelele kwa kipaza sauti, kwa Lingala, wala sikuelewa. Nilichokiona ni mdomo wa bunduki uliokuwa ukiifuata ile bashi yetu kila mtumbwi ulipoyumba. Mjomba aliinua kasia juu kwa mikono miwili. Baba hakusogea, viatu vikamning'inia kifuani.

Mama akaitupa bashi, akasimama.

"Mado, ikala nyuma yangu," aliniambia bila kugeuka. "Hapana kutikisika."

Akamvua Berocan nguo zote, akamwinua uchi juu ya kichwa chake.

Sasa nisikilizeni. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa hukaa ndani siku tatu. Siku ya kumtoa, mama husimama mlangoni na kumwinua hivyohivyo, watu wakaitikia jina lake. Nikaamini mama anamtoa Berocan kwa mara ya pili, mbele ya bandari nzima, na mimi amenificha nyuma ya kitenge chake. Nililia kwa wivu. Berocan naye akaamka, akalia kuliko mimi. Tulilia sisi wawili tu pale ziwani, mpaka askari mmoja akashusha bunduki na kutupungia mkono tuje.

Hospitali tuliifikia jioni, na Berocan akapona.

Ule wivu niliubeba miaka mingi. Nilipozaa mtoto wangu wa kwanza, mama alikuja kuniogesha, nikamtania kwamba mimi hakuniinua. Hakucheka. Aliendelea kukamua kitambaa.

"Ile siku nilichagua," alisema. "Ndugu yako alikuwa mugonjwa, sikujua kama atafika. Weye ulikuwa muzima. Kama risasi ingekuja, ingeanza na siye wawili, miye na yeye."

Hatukulizungumza tena, wala Berocan hakuambiwa. Berocan leo ni dereva wa pikipiki, mtu wa maneno mengi, na kila Noeli tukikusanyika husimulia kisa kile kwa kujisifu. "Mama ananipenda kuliko nyinyi wote," husema. "Miye nilionyeshwa mupaka kwa maaskari."

Watoto wanacheka, nami ninacheka nao. Mama huinuka, akasema anakwenda kutazama chungu, hata kama chakula kimeshapakuliwa.