Dawa Iliyofungua Njia ya Chumvi

Nilikuwa nafanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, nje kidogo ya Katoro. Binti yangu alipoanza kukohoa akiwa mchanga, sikumtafuta mchawi. Nilijua ni vumbi langu. Nikawa naogea uani na kuacha nguo nje kabla ya kumshika, lakini kikohozi hakikuondoka. Alimeza dawa za kifua kikuu miezi sita, akabaki mwembamba vilevile, makohozi mazito kama gundi.

Mama yangu ndiye aliyeona kitu. Jasho likimkauka mtoto, alimpangusa chembe nyeupe kwenye paji la uso. "Mtoto gani anatoka chumvi hivi?" alisema. Hatukumjali.

Alipofika miaka saba tulipewa rufaa kwenda Mwanza. Daktari, mama wa makamo, aliuliza kuhusu jasho. Nikamweleza maneno ya mama yangu. Wakapima jasho la mtoto, kisha akatuketisha mimi na mke wangu.

"Baba, si vumbi. Ni ugonjwa wa kuzaliwa. Seli za njia ya hewa zina vilango vya kupitisha chumvi. Vya mtoto wenu havifunguki. Chumvi isipopita, maji nayo hayaifuati, ndiyo maana makohozi yanaganda."

"Kautoa wapi?" mke wangu aliuliza.

"Kwenu wote wawili. Kila mmoja alibeba sehemu yake bila kujua."

Nilidhani ningefarijika kusikia si vumbi langu. Nilimtazama mke wangu, naye akatazama sakafu.

Dawa ya kufungua vilango hivyo ipo, ila haimfai kila mgonjwa. Wakamsugua puani kwa kibrashi, seli zikapelekwa maabara ya nje ya nchi ziwekewe dawa, ionekane kama chumvi itapita. Majuma yale kazini niliweka simu mfuko wa shati, maana kelele za mashine zingenizuia kuisikia. Niliihisi ikitetemeka hata ilipokuwa kimya.

Hatimaye daktari akapiga. "Seli zimejibu, baba. Si kwa ukamilifu, lakini chumvi inapita."

Akaandika barua nyingi hadi watengenezaji wakakubali kumpa binti yetu dawa kwa msaada.

Asubuhi ya kwanza aliimeza kwa uji wa karanga. Mchana akaanza kukohoa kuliko siku zote. Makohozi mepesi yalimwagika mdomoni na puani, beseni likajaa. Nikajua tumemuua. Nikampigia daktari huku nikipayuka.

"Anapumua?" akauliza.

"Anapumua, lakini anajaa maji!"

"Midomo ina rangi gani?"

Nikaitazama. Ilikuwa ya kawaida.

"Basi mkalisheni akohoe. Maji yamerudi, yanasukuma uchafu wa miaka saba. Midomo ikibadilika, kimbieni hospitali."

Sikumwamini. Nilikaa mbele ya mwanangu nikikodolea midomo yake macho mpaka jua likashuka. Kikohozi kikapungua, akalala chali, jambo ambalo hakuwahi kuliweza.

"Sikiliza kifua," mke wangu akaninong'oneza.

Niliweka sikio. Ule mkoromo uliokuwemo tangu uchanga wake haukuwepo.

Sasa ana miaka tisa na mashavu yamejaa. Lakini msaada hutolewa kwa kipindi, na kila kipindi kinapokaribia kwisha sijui kama kitaongezwa. Juzi alinikuta nimeshika pakiti ya dawa zake.

"Baba, mbona unazihesabu kila siku?"

"Nahakikisha tu."

"Zimo. Twende, nachelewa shule."