Kitanda cha Bibi Bustanini

Nilisikia kwanza kidole kikigonga udongo uliochomwa. Ko. Kimya kidogo. Ko tena, chini zaidi, karibu na kitako. Nilikuwa jikoni natafuta kiberiti, na kabla sijafika dirishani nilijua ni bibi, mama yake mama, kwa sababu simjui mwingine anayegonga mtungi kwa subira ile, kama daktari anayesikiliza kifua. Mtungi mzima hulia. Huu ulikohoa.

Nilimkuta bustanini, ameegemea fimbo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mume wangu. Nani kautoboa?"

"Mimi. Maji yasituame kwenye mizizi."

Akautazama mtungi wake uliojaa udongo na maua mekundu. "Mtungi usiokaa maji," alisema. "Haya."

Bibi alipovunjika nyonga, aliondolewa kwenye chumba alichokuwa amepanga huko Nakwa, akapelekwa Sigino kuuguzwa na mama yangu mdogo, nyumbani kwa mumewe. Vyombo vyake tulivirundika stoo, hapa kwetu Bagara. "Nitavifuata nikipona," alituambia akipandishwa garini, na sote tukamwitikia ndiyo bibi, ndiyo, kwa sauti ile tunayowapa watoto wanaosema watakuwa marubani. Hakuna aliyeamini. Nasema hakuna, lakini wengine sikuwauliza. Najua mimi sikuamini.

Nilikuwa naandika riwaya, na ilipokwama nilitoka nje nikaanza bustani. Mwanzoni nilitumia vilivyotupwa na watu: matofali ya ukuta wa jirani uliobomolewa, chupa nilizozizika kichwa chini kuzunguka matuta, bati lenye kutu ya rangi ya karoti. Ilipendeza, ila ilikosa kitu. Ilikosa mtu. Ndipo nikafungua stoo.

Sinia lake lenye mawaridi yaliyopauka nikalitundika ukutani. Birikani nikapanda mnanaa. Jiwe lake la kusagia nikalilaza kwenye njia, likanyagwe. Na kitanda chake cha chuma, chenye kichwa kilichosokotwa kama nywele, nikakisimamisha wima ili mche wa pasheni ukipande. Jioni, mlima ukianza kuingia giza nyuma yake, kilikuwa kizuri kiasi kwamba nilikaa nikakiangalia tu.

Waandishi wenzangu walikuja kutoka Arusha wakapiga picha. Mmoja akaniuliza, "Bibi yako alikuwa mtu wa namna gani?" Nikamjibu. Alikuwa anapenda chai yenye tangawizi nyingi. Alikuwa anaimba akisaga. Nilizungumza kwa muda mrefu, na sikumsahihisha aliyefuta machozi akidhani bibi amekufa, kwa sababu sentensi zangu zilinoga hivyo. Wakati huohuo bibi alikuwa Sigino, anajifundisha upya kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni.

Sasa alikuwa anatembea kati ya matuta yangu.

"Sinia langu," alisema akilipita. "Birika langu." Aliyasema kama mtu anayesalimia waombolezaji msibani. "Nimepata chumba, mume wangu. Nakwa ileile. Gari la mizigo liko njiani."

Alikuwa ameshafika kwenye kitanda.

"Na sisi tutalala wapi? Kitanda umempa pasheni?"

Nilicheka. Naye alicheka, kidogo, kisha akakishika kichwa cha kitanda akakitikisa. Hakikutikisika.

"Umefanyaje?"

"Nimemwagia zege miguuni. Kwa ajili ya upepo."

"Zege." Alilirudia neno hilo taratibu. "Mtu akiwa anarudi, unamwagia kitanda chake zege?"

"Bibi, nitakununulia kingine. Leo hii."

"Kitanda cha mjukuu. Nimelala Sigino kwenye kitanda cha mkwe, nimekula sahani ya mkwe, mama yako mdogo ananikatia nyama vipandevipande kama sina meno. Sikuvumilia mazoezi ya mguu huu nije nilale tena kwenye cha mtu. Nilitaka kulala kwenye changu."

Nikakimbilia sururu. Nilipiga zege, likatoa vumbi tu. Nilipiga tena, kwa hasira ya kujionea aibu, na mguu wa kitanda, ulioliwa na mvua nilizoziacha zikinyeshee, ukakatika mahali pa kutu. Kitanda kikainama juu ya pasheni.

"Acha," alisema bibi. "Acha, baba."

Hakuniita mume wangu.

Honi ililia barabarani. Bibi alitundua sinia, akang'oa mnanaa birikani na kuulaza chini kwa uangalifu, kama mmea ndio uliokosewa. Akavifuta vyombo kwa ncha ya kitenge. Jiwe la kusagia alilitazama, lina tope la viatu vyangu, akaliacha.

"Utalalia nini, bibi?"

"Mkeka ninao."

"Chini? Na nyonga hiyo?"

"Nyonga ni yangu. Hiyo hujaipandia ua."

"Basi nije nikusaidie kushusha vitu."

"Vitu gani?" Aliniinulia sinia na birika nivione, vyote alivyopata kwetu. Hakuwa mkali, na nadhani ukali ungenipunguzia. "Leo baki hapa. Ukija siku nyingine, bisha hodi kwanza, nikukaribishe mwenyewe."

Alipita sebuleni, fimbo mkono mmoja, vyombo vyake vimebanwa kwapani. Nilimfuata hadi kwenye kochi nikasimama, sijui mikono yangu niiweke wapi. Nilitaka kumfungulia mlango, akanitangulia. Alitoka, akageuka kwa shida kwa sababu ya mguu, akauvuta mlango nyuma yake mpaka kitasa kikabana.