Phelesia Alinyamaza Siku Niliyotoka Ogwedhi

Dada yangu aliacha kuongea katikati ya sentensi.

Sitanii. Aliniita kaka kwa Kijaluo, "Owadwa, chakula kiko kwa..." halafu akakatika, kama redio iliyoishiwa na betri.

Ilikuwa Jumanne, saa tisa mchana, mwezi wa pili. Nakumbuka kwa sababu mimi hukumbuka kila kitu. Hilo ndilo tatizo langu, mtaona.

Nilikuwa nimetoka soko la mifugo la Ogwedhi. Phelesia alikuwa anatoa vitu kwa mfuko wangu na kuvipanga mezani: sabuni, majani ya chai, chupa ya dawa ya kupe. Akaangalia meza, akaniangalia mimi, akafunga mdomo.

"Nyaminwa, dada yangu, chakula kiko wapi?"

Akanionyesha sufuria kwa kidole.

Kwa wasionijua, naitwa Elkanah. Hapa Migori mjini wananiita Petisheni. Shule niliachia darasa la saba. Mengine nilijisomea kwa magazeti ya kufungia nyama. Nina faili la plastiki lenye kila ahadi tuliyowahi kupewa katika kaunti hii, na tarehe yake.

Bomba la maji la mwaka wa tisini na nane, ninalo. Soko lililofunguliwa mara tatu bila paa, ninalo.

Na mwaka ule wa mgomo wa wauguzi, nilipozunguka na mke wangu Irine mgongoni kutafuta hospitali iliyo wazi, ninao. Alifia njiani. Niliandika barua. Mpaka leo sijajibiwa.

Phelesia alihamia kwangu baada ya mazishi. Yeye ni mjane, aliolewa Sori kando ya ziwa, anauza omena, wale dagaa, sokoni, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu azaliwe.

Kwa hivyo mnaelewa nilivyoshtuka.

Wiki ikaisha. Anapika, anafua, anaenda soko. Kwangu mimi, hakuna neno hata moja. Halafu nikagundua chupa yangu ya dawa ya kupe haipo. Nikajua basi, huyu ameanza kuficha vitu ovyo. Akili imemtoka.

Nikamwambia Clifford wa boda boda, "Dada yangu haongei tena."

"Nani? Phelesia? Huyu huyu wa jana..." Akakohoa. "Aa, pole, mzee. Pole sana."

Nikampeleka hospitali kubwa.

"Daktari wa akili?" Askari wa getini alicheka mpaka kofia ikasogea. "Buda, hapa hata wa meno ni bahati yako."

Ndani tukaambiwa mshauri nasaha yupo Alhamisi. Tukaja Alhamisi. Ameenda semina. Tukaja Alhamisi nyingine, muuguzi akatufungulia chumba chenyewe tujionee. Kilikuwa kimejaa vyandarua vya mbu hadi juu. Kiti cha mgonjwa kilionekana mguu mmoja tu.

Nikalipuka. Nikatoa karatasi.

"Mlisema hapa patakuwa na kliniki! Mbele ya umati! Tarehe ninayo! Mgonjwa akae wapi, ndani ya neti?"

"Mzee," muuguzi akasema, wala hakukasirika, "hata mimi namhitaji huyo mshauri. Ukimpata, niite."

Nilipomaliza kuhutubia ukuta nikakuta yeye na Phelesia wamesimama pembeni. Muuguzi akanipa kipande cha karatasi. Jina moja: Nyaboke. Homa Bay. Ijumaa.

"Unatoa unachoweza," akasema.

Sikwenda. Homa Bay ni mbali, na mimi ni mtu wa Migori, ninalipa ushuru Migori. Kwa nini nihame kaunti kutafuta masikio?

Nikajaribu mshauri wa kibinafsi, ghorofani juu ya duka la mabati. Viti vizuri, ua kwenye chungu. Saa moja ya pale ni dakika arobaini na tano, na bei yake ni omena ya Phelesia ya wiki mbili. Tukashuka ngazi.

Nikajaribu Pasta Wesley. Akasema ni pepo bubu, tufunge siku tatu kisha alikemee kwa sauti. Phelesia akainamisha kichwa, mabega yakatikisika.

"Pepo linatetemeka!" pasta akasema.

Mimi namjua dada yangu. Alikuwa anacheka.

Hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Ijumaa iliyofuata tulikuwa Homa Bay.

Nyaboke alikuwa mama wa makamo, na chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la dawa. Viti viwili vya plastiki. Cha tatu aliazima kwa fundi cherehani. Nikamweleza mgonjwa ni huyu, hasemi.

"Hasemi? Sawa. Wewe unamjua. Sema wewe."

Nikasema.

Nilianza na Phelesia. Sentensi ya nne nilikuwa kwa bomba la maji. Ya kumi, kwa soko lisilo na paa.

"Na Phelesia?" akauliza.

"Nakuja hapo."

Sikufika. Saa ikaisha. Akasema turudi.

Ijumaa ya pili nikabeba faili. Akaniomba niliache nje kwa fundi. Bila faili mikono yangu haikujua pa kukaa. Nikasema kuhusu usingizi, eti Phelesia hanipi usingizi. Akaniuliza sijalala tangu lini. Nikataja mwaka. Phelesia alikuwa bado anaongea mwaka huo, tena sana. Nyaboke hakunisahihisha.

Ijumaa ya tatu akaniuliza kuhusu Irine.

Ile barua yangu kuhusu Irine ina kurasa sita. Imetaja hospitali mbili, mageti mawili, majina ya waliokataa kufungua. Watu wameisoma kwa mikutano, wakalia.

Kuna kitu kimoja hakimo.

Kwenye geti la pili nilimlaza Irine kwenye benchi ili nibishane na askari vizuri. Nikamwambia Katiba, kifungu kwa kifungu. Watu wakakusanyika. Nilikuwa na haki, na nilikuwa mtamu wa maneno siku hiyo. Nusu saa nzima. Mwisho askari akasema, "Umenishinda, mzee. Samahani."

Nilishinda.

Nilipogeuka, Irine alikuwa ananiangalia tu. Hatukufika geti la tatu.

Sijawahi kumwambia mtu. Nilimwambia Nyaboke nikiwa nimetazama sakafu. Nilisikia mtu analia, nikadhani ni Phelesia, na ni kweli alikuwa Phelesia, lakini hakuwa peke yake.

Ijumaa ya nne, Nyaboke akatoa kadi ya kliniki, ile ngumu ya manjano, ya kuandika tarehe za kurudi. Jina la mgonjwa: Elkanah.

"Daktari, umekosea."

"Sijakosea. Na mimi si daktari."

"Mgonjwa ni huyu! Miezi miwili hajafungua mdomo!"

Nikamgeukia dada yangu anitetee kwa ishara.

Akafungua mdomo.

"Owadwa," akasema, "ng'ombe wako wako wapi?"

Chumba kikawa kidogo.

Mimi sina ng'ombe. Sijawahi kuwa na ng'ombe. Hata mbuzi sina. Naishi kwa nyumba ya kupanga, mjini.

Mnakumbuka ile chupa ya dawa ya kuulia kupe wa ng'ombe? Niliitaja pale juu pamoja na sabuni na majani ya chai, kama kitu cha kawaida tu. Ndivyo nilivyojitajia hata mimi mwenyewe siku ile, nikirudi kutoka Ogwedhi.

Kwetu sisi Wajaluo jambo nililoinunulia chupa ile halitajwi ndani ya nyumba. Mtu akijitoa uhai kwa mti, mti wenyewe unakatwa na kuchomwa. Hata neno lake watu huliogopa. Ukilisema, umelikaribisha mezani.

"Niliiona chupa," Phelesia akasema, "na hilo neno likajaa mdomoni. Nikajua nikikwambia hata 'ugali ndio huu,' litatoka hilo kwanza. Nikafunga. Chupa nilimwaga chooni siku hiyo hiyo."

"Sasa si ungeniambia tu twende hospitali?"

"Wewe? Uende kwa sababu yako?" Akapiga kofi moja la mshangao. "Ungeniambia kuna watu wana shida kuliko wewe, halafu unisomee faili. Lakini kwa mtu mwingine, Elkanah, wewe ungefika hata Kisumu kwa miguu."

"Kwa hivyo yule muuguzi..."

"Nilimwambia wewe ukipigia neti kelele. Clifford anajua. Soko lote linajua. Hata huyo pasta wako nilimpigia simu baadaye, nikamwambia pepo ametoka." Akapangusa uso. "Aki unafikiri ilikuwa rahisi? Miezi miwili unasema uongo juu ya bei ya samaki na mimi nauma ulimi!"

Nyaboke akasukuma kadi kwangu polepole. Nikaichukua.

Hiyo ilikuwa mwaka jana. Bado naenda. Nimechoka, sitawadanganya, Homa Bay haijasogea karibu, na vyandarua viko palepale kwenye kile chumba. Nilipita juzi kuhakikisha. Nikampa muuguzi namba ya Nyaboke, safari hii kwa ajili yake mwenyewe; akacheka, kisha akaihifadhi.

Hasira ninayo bado. Sitaki mtu aniponye hasira. Mtu hafai kuvuka kaunti ili asikilizwe nyuma ya duka la dawa, na nitalisema hilo mpaka mnizike. Wiki jana nimepeleka barua nyingine ofisi ya kaunti. Zote nilizowahi kuandika huanza, "Sisi wananchi wa Migori." Hii inaanza, "Mimi ni mgonjwa, na hili ndilo jina langu."

Hawajajibu. Tarehe ninayo.

Basi ninyi mnaosoma: yule anayewapigania wote pale kwenu, mwenye sauti, mwenye faili, msimpigie makofi tu halafu mwende nyumbani. Tazameni anarudi na nini kutoka sokoni. Muulizeni ng'ombe wake wako wapi.

Na kama mfuko huo umeubeba wewe, leo, usiuingize ndani peke yako. Mpe mtu akutolee vitu.