Desderi Aliyekwisha Komaa

Desderi aliokoka ujanani huko Umatumbini, akahamia Mtawanya kulima mikorosho, na tangu hapo hakumpa mtu nafasi ya kupumua. Katika kanisa lao dogo la Kibiti, yeye ndiye aliyefundisha somo la kukua kiroho. Akifika pale Biblia inapowasema watu wanaoendelea kunywa maziwa ilhali walipaswa kula chakula kigumu, aliwanyooshea wenzake kidole.

"Nyie bado mnanyonya! Mimi niliachishwa ziwa zamani."

Kukomaa kwake kulikuwa kooni. Akiomba, mbuzi wa jirani walikata kamba. Akifunga, mtaa mzima ulitangaziwa, na mkewe Zamda hakuthubutu hata kuangusha kijiko.

Siku moja akaja askofu wao kutoka Dar es Salaam, na wahudumu wakamkalisha kwenye kiti cha mbele alichokizoea Desderi. Yeye akaonyeshwa benchi. Mtu mzima, mwenye wajukuu, akanuna! Akatoka katikati ya wimbo, akaenda kujifungia nyumbani. Wazee wa kanisa walipomfuata kumbembeleza, aliwajibu kupitia dirishani.

"Mwambieni mchungaji aje mwenyewe. Tena apige magoti."

Mchungaji hakuja. Desderi akaendelea kununa mpaka masika ikaanza, na ndipo Zamda alipoteleza kisimani akavunjika mguu. Shamba la mpunga nalo lilikuwa limeshasongwa na majani.

Waliokuja kusaidia ni walewale aliosema wananyonya. Wakapalilia, wakateka maji, wakapika. Mwanahawa, jirani Mwislamu ambaye Desderi hakuwa akimwitikia salamu, alifika kila asubuhi kumwogesha Zamda. Na mkomavu wetu? Alikaa barazani akisahihisha maombi ya watu.

"Mnaomba kama wagonjwa," aliwakaripia. "Hamna nguvu kabisa!"

Zamda akachoka. Akaita kutoka kitandani, na wageni wote wakasikia.

"Baba Sabra, tunda la Roho ni nini?"

"Unanifundisha mimi?"

"Nakuuliza tu. Mtume Paulo alitaja upendo, uvumilivu, upole, kiasi. Makelele aliyataja wapi?"

Mwanahawa alijifunika kanga usoni kuficha kicheko. Desderi akachukua kofia yake akaenda kukagua mikorosho ambayo hakuna aliyemwambia ina tatizo.

Zamda amepona, ingawa anachechemea kidogo. Desderi hajarudi kanisani wala hajamshukuru mtu. Amejenga kanisa lake uani, la mabati, na kulitundikia kibao: Kanisa la Waliokomaa. Kila Jumapili huhubiri humo kwa kipaza sauti. Mkewe humwandalia chai, akajifunga kilemba, akaenda zake kusali na wenzake Kibiti, naye Desderi hubaki akijiitikia amina mwenyewe.